Jangwani: bustani ndiyo itakayolinda daraja

Tangu nyumba za bonde la Msimbazi zianze kuvunjwa na mitambo kuingia Jangwani, mjadala wa mradi huu wa kupambana na mafuriko, wenye daraja jipya na bustani kubwa, jijini Dar es Salaam umechukua sura ya ajabu. Daraja jipya halina mpinzani. Kila aliyewahi kukwama Magomeni Mapipa huku maji yamefunika Barabara ya Morogoro analisubiri kwa hamu. Kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi kutoka bondeni nako kunaungwa mkono, ingawa wapo wanaouliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyeiweka pale. Kuchimba na kupanua mto, sawa. Kinachozomewa ni bustani. Vijiweni na mitandaoni hoja ni ileile: barabara za mitaa zina mashimo, madarasa yamejaa, halafu nchi inakopa ili watu wapate mahali pa kupigia picha za harusi. Nadhani hapo ndipo tumeusoma mradi miguu juu kichwa chini. Katika yote yanayofanyika pale, bustani ndiyo itakayoamua kama daraja na mto uliochimbwa vitafanya kazi kwa miongo mitatu au kwa misimu mitano ya masika. Udhaifu wa mradi upo, tena ni mkubwa, ila haumo katika uamuzi wa kuwa na bustani. Umo katika swali linalozungumzwa kidogo mno: ikishapandwa, nani ataitunza, na kwa fedha za mfuko gani?

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapokea vijito vya Ubungo, Luhanga na Sinza, kisha unafika Jangwani na kutoka baharini kwenye Daraja la Selander. Juu huko una mteremko. Ukifika Jangwani ardhi inakuwa tambarare na maji yanapoteza kasi. Maji yakipoteza kasi mto hutua ulichobeba: mchanga wa Pugu, tope la barabara zisizo na lami, chupa na mifuko ya nusu ya jiji. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji ya mto hayana pa kwenda, yanarudi nyuma na kupanda. Kwa maana hiyo Jangwani kujaa maji si ajali. Ndiyo kazi ya bonde hilo tangu kabla ya mji, na watu wa mipango miji walilijua jambo hili mapema: mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari, lisilofaa kwa makazi. Jiji likalifanya bonde lake kuwa kama uvungu wa kitanda, mahali pa kusukumia kila usichotaka kukiona: maskini wake, taka zake, maji yake machafu, na siku za kampeni wanasiasa wake pia, maana hapakuwa na uwanja mwingine wa kuwatosha. Mwaka 2015 wagombea urais Magufuli na Lowassa wote wawili walijaza watu Jangwani. Masika hayakuwa na habari na mmoja wao.

Desemba 2011 mvua ilileta gharika ambayo wazee walisema hawajaiona kwa zaidi ya nusu karne. Watu takriban 40 walikufa. Serikali ikagawa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya jiji, ikawahamishia huko waathirika. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 2015, nyumba za bondeni zilikuwa zinapigwa alama ya X nyekundu na kuvunjwa, baadhi zikiwa kwenye maeneo yaleyale. Na mwezi Mei 2016, wakati kifusi hakijakauka, mabasi ya mwendokasi yakaanza safari kati ya Kimara na mjini, huku karakana yao kuu ikiwa imejengwa wapi? Jangwani, ndani ya bonde ambalo mwananchi alikuwa ameambiwa ni hatari kwa maisha yake. Sijui kama kuna somo fupi zaidi ya hilo kuhusu jinsi taasisi zetu zinavyopanga bila kuangaliana. Mabasi yalifurika maji, mengine yakaharibika, na kila mvua kubwa ikinyesha njia ilifungwa na maelfu ya abiria wakatembea au wakapanda bodaboda kwa nauli ya dharura. Mafuriko ya Aprili 2018 peke yake, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, yalizitia kaya za Dar es Salaam hasara inayozidi dola milioni 100. Wanaouliza jiji limepata wapi fedha za bustani wakumbuke kwamba tayari tunalipa. Tunalipa kwa magodoro yaliyolowa, mitaji iliyosombwa na siku za kazi zilizopotea.

Mradi wa Kuendeleza Bonde la Msimbazi uliidhinishwa mwaka 2022. Mkopo wa Benki ya Dunia ni dola milioni 200, na michango ya Hispania na Uholanzi inaufikisha kwenye kiasi cha dola milioni 260. Unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, kupitia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukiuangalia kwa haraka unaona orodha ya vitu vinne: mto uchimbwe na kupanuliwa sehemu ya chini, daraja refu lililonyanyuliwa lijengwe Jangwani, karakana ihamishiwe Ubungo, na bustani kubwa ya jiji ipandwe. Ukiuangalia vizuri unaona mtambo mmoja. Udongo unaochimbwa mtoni ndio unaotumika kunyanyua matuta mapana ya kingo za bonde, ambayo baadaye yanaweza kujengwa kwa usalama. Daraja linarefushwa kwa sababu tuta la barabara la sasa linafanya kazi ya bwawa, linazuia maji na kuyapandisha. Katikati ya matuta mawili, chini ya daraja, kunabaki ardhi ya chini ambayo lazima iwe wazi ili mto ukifurika upate pa kulala. Ardhi hiyo ndiyo bustani. Viwanja vya mpira, njia za miguu na baiskeli, miti inayostahimili maji: vitu vinavyoweza kuzama siku tatu, tope likafagiliwa, na wiki inayofuata watoto wakarudi kucheza. Hakuna hospitali wala soko linaloweza kuvumilia hivyo. Anayesema eneo lile lingejengwa kitu cha maana zaidi hajatuambia kitu hicho kitafanyaje Aprili.

Hoja nyepesi kuliko zote dhidi ya bustani ni ile ya wanaosema: waondoe watu, weka ulinzi wa sheria, basi, bonde likiwa tupu linajilinda lenyewe. Inasikika kama busara ya kubana matumizi. Lakini hilo tumeshalijaribu, na matokeo yake tunayajua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ipo miaka zaidi ya ishirini, na katika kipindi hichohicho bonde liliendelea kujaa, likavunjwa, likajaa tena. Mkazi wa bondeni haishi pale kwa ubishi. Ni hesabu. Kutoka Jangwani au Kigogo unatembea kwa miguu hadi Kariakoo, unafungua meza yako saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku bila kutoa nauli. Kwa mtu anayepata shilingi elfu kumi kwa siku, tofauti hiyo ni kubwa kuliko hofu ya mvua inayoweza kuja mwaka huu au isije. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2012 na milioni 5.4 kwenye sensa ya 2022. Katika jiji linaloongeza watu milioni moja kwa muongo, ardhi tupu iliyo mwendo wa dakika ishirini kutoka soko kuu haiwezi kubaki tupu kwa sababu ya bango la kukataza. Inabaki wazi pale tu inapokuwa na matumizi, ina watu wanaoiona kuwa yao, ina taa na mlinzi, na diwani anajua atapigiwa kelele mtu akianza kuchimba msingi. Bustani inayotumika ni ulinzi wa bei nafuu kuliko askari wa mgambo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Wahandisi kadhaa na wakazi wengi wanauliza kwa nini tusijenge mfereji wa zege kama ule wa Mto Ng'ombe, uliojengwa chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, na kuwapa nafuu watu wa Tandale na maeneo jirani. Mfereji ule umesaidia. Anayepinga hilo hajaongea na waliokuwa wakilala juu ya meza usiku wa mvua. Pale nyumba zimebanana hadi ukingoni na huwezi kuhamisha nusu ya kata, zege ndilo linalobaki. Lakini mfereji hauondoi maji, unayaharakisha. Kila kijito kinachosakafiwa huko juu kinayafikisha maji bonde la chini mapema zaidi na yakiwa mengi kwa wakati mmoja. Kadiri tunavyofanikiwa kuwakinga watu wa juu, ndivyo Jangwani inavyohitaji nafasi zaidi ya kuyapokea yale tuliyoyakimbiza. Bahari nayo haisakafiwi: inapojaa, mfereji mzuri kuliko wote utasimama na kungoja kama mto mwingine wowote.

Hoja nzito ni ya haki, na wanaoutetea mradi mara nyingi huipita haraka. Zaidi ya nyumba 2,000 zimeondolewa. Serikali ilikubali kulipa fidia hata kwa waliojenga bila hati, hatua kubwa ukilinganisha na X nyekundu za 2015, na nadhani bila masharti ya mkopo isingekuwa hivyo. Hata hivyo, fidia inathamini tofali, bati na mwembe. Haijui kuthamini ule mwendo wa miguu hadi Kariakoo. Mtu aliyepokea fedha zake akanunua kiwanja Chanika amepata nyumba salama na safari ya saa mbili. Kisha yako matuta yale yaliyonyanyuliwa: ardhi kavu, katikati ya jiji, kando ya kituo cha mwendokasi, inayotazama bustani. Hiyo itakuwa miongoni mwa ardhi ghali kabisa nchini. Ikiwa itagawiwa kwa namna ambayo majengo yake yatakuwa ya ofisi na fleti za wenye nacho pekee, atakayesema kwamba maskini walifukuzwa mafurikoni ili tajiri apate mandhari atakuwa amesema kweli, na hakuna mhandisi atakayemjibu. Ila tazama hoja hiyo inapigana na nini. Inapigana na ugawaji wa matuta, haipigani na bustani. Bustani, kama haitawekewa uzio na kiingilio, ndiyo sehemu pekee ya mradi ambayo kijana wa Vingunguti ataitumia sawasawa na mtu wa Upanga. Ukiiondoa hiyo kwa jina la kutetea maskini, utakuwa umebakiza daraja na viwanja vya kuuza.

Nairobi inatuonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kwenda. Baada ya mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, serikali ya Kenya iliingia Mathare na mitaa mingine ya kando ya mito na matingatinga, kaya zikaahidiwa shilingi 10,000 za Kenya kwa ajili ya kuhama. Watu waliondolewa kwanza, na swali la ardhi ile itakuwa nini likafuata. Lakini mji huohuo una mfano ninaoupenda zaidi, Bustani ya Michuki iliyo kando ya Mto Nairobi. Palikuwa jalala na gereji za kuungaunga. Mwaka 2008 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, alipasafisha na kupapanda miti. Michuki alifariki mwaka 2012, na bustani iliyokuwa imesimama kwa nguvu ya mtu mmoja ikaanza kurudi ilikotoka. Taka na vibaka vikachukua nafasi. Mwaka 2020 ikabidi ifufuliwe upya kwa fedha za umma, karibu kama vile haijawahi kuwepo. Kenya ililipia bustani hiyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikuwa na mwenyewe.

Na mwenye Msimbazi ni nani? Hapa ndipo ninapokosa usingizi zaidi kuliko kwenye mkopo. Bonde lenyewe na vijito vyake vimo ndani ya Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala ya zamani, na ndani ya Kinondoni na Ubungo. Chanzo kiko Kisarawe, mkoa mwingine kabisa. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, msitu wa Pugu uko chini ya wakala wa misitu, TFS, majitaka ni ya DAWASA, mabasi ni ya DART, mazingira ni ya NEMC, na mitaro ya barabarani ni ya TARURA. Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyokuwa juu ya manispaa zote angalau kwa jina, ilivunjwa Februari 2021. Ilikuwa na matatizo yake, na wengi hawakuililia, lakini tangu hapo hakuna chombo cha kuchaguliwa kinacholiona bonde zima kama jambo moja. TARURA inajenga kwa sababu mkopo umepitia kwake. Ni wakala wa barabara. Mfuko wake na utaalamu wake ni wa lami, makaravati na mitaro. Siku mkandarasi atakapokabidhi funguo, kumwambia wakala wa barabara akate nyasi na kubadilisha taa za bustani ni kumpa kazi ambayo hana sababu ya kuipenda.

Upande wa fedha ni mgumu zaidi. Katika miji mingi duniani bustani kama hii hujilipia kwa njia inayoeleweka: thamani ya nyumba zinazoizunguka hupanda, kodi ya majengo hupanda nayo, na sehemu ya ongezeko hilo inaitunza bustani. Sisi tumeikata njia hiyo wenyewe. Kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri, na tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Baada ya mabadiliko ya 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka na kila ghorofa shilingi 90,000. Ni mfumo rahisi wa kukusanya, na sina hamu ya kuwarudisha watu kwenye foleni za zamani. Lakini ni kiwango kimoja: ghorofa linalotazama bustani ya mamilioni ya dola pale Magomeni na ghorofa la Mbande vinalipa sawa. Serikali inatumia fedha za umma kuipandisha ardhi ya watu fulani thamani, kisha haina chombo cha kuwadai hata senti ya ziada. Manispaa inabaki na gharama za kufagia, na mwenye nyumba anabaki na kodi ya pango aliyoipandisha.

Tena gharama hizo zinarudi kila mwaka. Mto uliochimbwa hauendelei kuwa mto uliochimbwa. Mchanga wa Pugu utashuka masika ijayo, na inayofuata, kwa kasi itakayotegemea miti iliyobaki huko juu, machimbo ya mchanga na kokoto yanayoendelea, na kasi ya viwanja vipya kukatwa kwenye miteremko. Kinachofanyika Kisarawe leo kinaamua kina cha maji chini ya daraja la Jangwani kesho, na halmashauri ya Kisarawe haina sababu hata moja ya kifedha ya kukataa kiwanja kipya kwa faida ya abiria wa mwendokasi. Ingekuwa nafuu kwa jiji kuilipa Kisarawe ilinde miteremko yake kuliko kumlipa mkandarasi azoe mchanga kila mwaka, na sioni kwa nini makubaliano ya namna hiyo kati ya halmashauri mbili yaonekane kuwa ndoto.

Haya yote yanabadilisha kile tunachopaswa kudai. Kelele za sasa za kutaka bustani ipunguzwe au ifutwe zikifanikiwa, tutapata daraja zuri juu ya bonde ambalo baada ya muda litakuwa limejaa tena, na mjukuu wa aliyepewa kiwanja Mabwepande atapigiwa X yake. Wanaoutetea mradi wanatakiwa watoke kwenye michoro ya kompyuta, yenye watu wanaokimbia asubuhi na mbwa wao, waseme mambo ambayo hayana picha. Kwamba kutakuwa na mamlaka moja ya bonde yenye madiwani wa manispaa husika na Kisarawe ndani yake. Kwamba sehemu ya mapato ya viwanja vya matuta itawekwa kwenye mfuko wa matunzo usioguswa kwa kazi nyingine, na sehemu ya viwanja hivyo itakuwa ya nyumba za kupanga za bei ambayo mchuuzi wa Kariakoo anaimudu. Kwamba LUKU, ambayo tayari inajua mita iko wapi, inaweza kutoza zaidi majengo yanayopakana na bustani bila kumgusa mjane wa Mbagala. Kwamba mama lishe na machinga watapangiwa nafasi ndani ya bustani tangu siku ya kwanza, maana watakuja kwa vyovyote, na wao ndio macho yatakayokuwepo saa tatu usiku baada ya mlinzi kusinzia.

Lipo moja ambalo halisubiri sheria mpya wala kikao cha Dodoma. Kila mwaka mabaraza ya madiwani ya Jiji, Kinondoni na Ubungo hupitisha bajeti zao, na mwananchi ana haki ya kuhudhuria. Aende na swali la kifungu kimoja tu: shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya kuzoa mchanga na kutunza bonde la Msimbazi baada ya mkopo kufungwa? Kama jibu ni sifuri katika mabaraza yote matatu, ajue tarehe ya kufurika tena inategemea Mamlaka ya Hali ya Hewa pekee.